Mche ulioshibishwa mno kitaluni hufa shambani: Namna ya kulea miti ya kivuli Kitale na Bungoma

MVUA za masika zinapoanza kunyesha katika nyanda za Trans Nzoia na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kati ya Machi na Aprili, barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye kupitia Kiminini hupambwa na miche. Wauzaji huipanga kando ya lami: mgrevilia, mringaringa, mwavokado na mkaratusi. Mkulima anayetafuta miti ya kuipa mibuni yake kivuli husimama, akatazama, kisha aghalabu akachagua mche mrefu kuliko yote, wenye majani mapana ya kijani kilichokoza.

Mche huo ndio ulio katika hatari kubwa zaidi ya kufa kabla ya mwaka kwisha. Urefu ule na wororo ule, mara nyingi, ni matokeo ya mbolea nyingi iliyotiwa kitaluni ili kuuharakisha uende sokoni. Shina lake ni jembamba, mizizi yake ni michache, na majani yake yamezoea kivuli na maji ya kila siku. Ukitiwa katika shamba lililo wazi, jua la kwanza kali humaliza maji yaliyomo majanini kabla ya mizizi kuweza kuyarudisha.

Hasara yake si bei ya mche pekee. Katika sehemu za Trans Nzoia mvua huja kwa msimu mmoja mrefu kila mwaka, kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Novemba. Mkulima ambaye miche yake imekauka ifikapo Januari hana budi kungoja masika mengine. Amepoteza mwaka mzima wa kivuli, na mti wa kivuli huchukua miaka kadhaa kabla ya kuwa na faida.

Kivuli kinarudi mashambani

Kwa miaka mingi kilimo cha kahawa bila kivuli kilipigiwa debe nchini Kenya, kwa hoja kwamba mibuni inayopata jua tele na mbolea tele huzaa zaidi. Hoja hiyo ina ukweli, almuradi mkulima awe na uwezo wa kununua mbolea hiyo kila msimu. Mbolea ilipopanda bei na mvua ilipoanza kubadili ratiba yake, wakulima wengi wa Bungoma walianza kuutazama upya mti wa kivuli.

Mti huo hupunguza joto linaloangukia mibuni, huvunja nguvu ya upepo na mvua ya mawe, na majani yake yanayoanguka hugeuka mboji. Kwenye miteremko ya Chesikaki na Kapsokwony, ambako udongo hubebwa na maji kwa urahisi, mizizi ya miti hushikilia ardhi. Isitoshe, matawi yanayopogolewa humpa mkulima kuni.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda wa mlima huohuo, kahawa imekuwa ikikuzwa pamoja na migomba kwa vizazi vingi. Nako Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, na Kyela kusini mwa Tanzania, kivuli ni sharti la zao jingine: kakao. Mkakao asili yake ni chini ya miti mikubwa ya msitu wa Amazon, na mche wake mchanga hauwezi kuvumilia jua kali. Kwa hiyo, mkulima mwangalifu wa kakao hutangulia kupanda kivuli, migomba kwa muda mfupi na miti mikubwa kwa muda mrefu, ndipo alete mikakao.

Bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, si ajabu ikiwa baadhi ya wakulima wa magharibi mwa Kenya walijiuliza kama zao hilo lingewafaa. Bei hiyo ilishuka sana baadaye. Lakini hata ingalibaki juu, mkakao ni mti wa nchi za joto zilizo chini. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake huwa na baridi isiyoufaa mti huo. Bungoma mjini, iliyo takriban mita 1,400, nayo iko juu kuliko maeneo ambako mkakao hustawi vyema. Kinachofaa kuigwa kutoka Bundibugyo na Kyela ni utaratibu wenyewe: kivuli hupangwa mapema, na mche wa kivuli hulelewa kwa uangalifu uleule unaopewa zao kuu.

Udongo wa kitalu

Malezi ya mche huanzia katika udongo unaojazwa kwenye karatasi za miche au pakiti tupu za maziwa. Mchanganyiko unaotumiwa na wengi ni sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu mbili za mchanga na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Udongo hushika maji na chakula, mchanga hupitisha hewa na kuzuia maji kutuama, nayo samadi hutoa chakula polepole.

Hesabu yake si ngumu. Karatasi ya kawaida ya inchi nne kwa sita hubeba karibu nusu lita ya udongo. Mkulima anayetaka miche 1,000 anahitaji basi takriban lita 480 za mchanganyiko, yaani madebe 24 ya lita 20. Kwa kanuni ya tatu, mbili na moja, hayo ni madebe 12 ya udongo, madebe manane ya mchanga na madebe manne ya samadi. Ni vyema kuongeza debe moja au mawili kwa sababu udongo hushuka ukimwagiliwa maji.

Udongo wenyewe utoke wapi? Usitoke katika shamba la mahindi lililotiwa mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka. Matumizi ya muda mrefu ya mbolea za aina hiyo yamechangia kuongeza asidi katika udongo wa sehemu nyingi za Trans Nzoia, na udongo wenye asidi nyingi huifunga fosforasi kiasi kwamba mizizi haiwezi kuifikia. Udongo bora ni ule wa chini ya miti mikubwa iliyo katika boma au kwenye mpaka wa shamba. Kuuchimba katika msitu wa serikali bila kibali hakuruhusiwi, na pia huumiza msitu ambao ndio chemchemi ya mito ya eneo hili.

Samadi nayo ihakikiwe. Samadi mbichi huchoma mizizi na hubeba mbegu za magugu. Iliyoiva haina joto mkono unapotiwa ndani, hainuki mkojo wa ng'ombe, na huvunjika kama udongo mweusi. Kuirundika, kuifunika na kuigeuza kwa muda wa miezi mitatu hivi hutosha kwa kawaida.

Gunia zima la nini?

Mche mchanga huhitaji virutubisho vitatu vikuu. Naitrojeni hujenga majani na kuongeza urefu. Fosforasi husaidia mizizi. Potashi huimarisha shina na kuuwezesha mche kustahimili ukame na magonjwa. Tarakimu zilizochapishwa kwenye gunia huonyesha viwango vya virutubisho hivyo kwa utaratibu huohuo. NPK ya 17:17:17 ina asilimia 17 ya kila kimoja, ilhali DAP, yaani 18:46:0, ina naitrojeni asilimia 18, fosfati asilimia 46, na haina potashi hata chembe. CAN ina naitrojeni takriban asilimia 26 na haina vingine viwili.

Tarakimu hizo zinaeleza kwa nini chembechembe za DAP au CAN hazifai kutupwa ndani ya karatasi ya mche. Nusu lita ya udongo ni mahali padogo mno. Chembe chache zikiyeyuka hapo, chumvi yake huwa kali kuliko maji yaliyo ndani ya mizizi, na badala ya mizizi kunywa maji, maji huvutwa kutoka mizizini. Mche hunyauka ilhali udongo umelowa, na mwenye kitalu akidhani una kiu huongeza maji.

Njia salama ni kuyeyusha. Kiasi cha gramu 20 za NPK, karibu kijiko kikubwa kimoja cha mezani kilichojaa kidogo, huyeyushwa katika debe la lita 20. Kila mche hupewa mililita 50 hivi za maji hayo, kisha majani huoshwa kwa maji safi ili yasiungue. Kazi hiyo hufanywa asubuhi mapema au jioni, udongo ukiwa na unyevu kidogo, mara moja kila wiki mbili.

Tukiendelea na hesabu yetu, miche 1,000 huhitaji lita 50 kwa awamu moja, yaani madebe mawili na nusu. Mbolea inayotumika ni gramu 50. Mche wa mgrevilia uliooteshwa Oktoba na kuhamishiwa karatasini Novemba au Desemba huweza kuanza kulishwa Januari na kukoma mwanzoni mwa Machi. Hizo ni awamu nne au tano. Jumla ni gramu 250, robo kilo tu.

Kwa maneno mengine, kilo moja ya mbolea yatosha kuilea miche 4,000. Mwenye kitalu kidogo anayenunua gunia la kilo 50 kwa ajili ya miche anabeba mzigo usio wake, na mbolea iliyo tele mkononi hushawishi mtu kuimwaga. Vikundi vya wakulima vingefanya vyema kugawana mfuko mdogo.

Ubora wa mbolea pia si jambo la kupuuzwa. Mwaka 2024 wakulima wa Kenya, wakiwemo wa Kaskazini mwa Bonde la Ufa, waligundua kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa katika mpango wa ruzuku ilikuwa bandia. Kitalu kina nafasi ya kuifichua hila kama hiyo mapema. Chembe zinazobaki mchangani au mawe matupu chini ya ndoo baada ya kukorogwa kwa muda mrefu ni ishara ya kutia shaka, ingawa CAN halisi huacha mashapo kidogo ya chokaa.

Alizeti mwitu, mbolea ya ukingoni

Kwa asiyetaka kununua mbolea, jibu limeota kando ya barabara. Alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya manjano unaotumiwa kuwa ua katika vijiji vingi vya magharibi mwa Kenya, umechunguzwa sana na watafiti. Majani yake mabichi, yakipimwa bila maji, yana naitrojeni takriban asilimia 3.5, fosforasi karibu asilimia 0.37 na potashi asilimia nne hivi. Huoza haraka na kuachilia chakula hicho mapema.

Majani na vishina laini hukatwakatwa, hutiwa katika gunia la mkonge au kitambaa, kisha gunia hutumbukizwa katika pipa la maji na kufunikwa. Hukorogwa kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili hivi maji huwa meusi na yenye harufu kali. Huzimuliwa kwa maji safi hadi yafanane na chai hafifu, ndipo hunyunyiziwa miche. Kilimo cha namna hii si kigeni Kitale. Kituo cha kilimo cha Manor House, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimewafunza wakulima kutengeneza mboji na kulima bila kutegemea mbolea za viwandani.

Miti inayojilisha

Miti ya kivuli haifanani kwa mahitaji. Kaliandra, sesbania na lusina ni jamii ya kunde. Mizizi yake hushirikiana na bakteria za rizobiamu ambazo hunasa naitrojeni kutoka hewani na kuihifadhi katika vinundu. Mche wa jamii hii ukimwagiwa naitrojeni nyingi kitaluni huwa kama mtoto anayelishwa kwa kijiko hadi akakataa kujilisha: hauundi vinundu. Ukifika shambani, ambako hakuna wa kuumiminia CAN, hudumaa.

Kinachohitajika ni kuchanganya udongo kidogo uliochotwa chini ya mti mzima wa aina hiyohiyo, ili bakteria zihamie kitaluni. Mizizi ikikaguliwa baada ya wiki kadhaa, vinundu huonekana kama punje ndogo. Kikipasuliwa kimoja na ndani kikawa na rangi ya waridi au nyekundu, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakinasi naitrojeni.

Mgrevilia, ulioletwa Afrika Mashariki kutoka Australia enzi ya ukoloni kuwa mti wa kivuli wa chai na kahawa, una ujuzi wa namna nyingine. Mahali penye fosforasi haba, huotesha vishada vya mizizi midogo sana inayoweza kuinyonya fosforasi iliyofungwa udongoni. Ukipewa fosforasi nyingi, huacha kuviotesha vishada hivyo. DAP, yenye fosfati asilimia 46, ni chaguo baya kwa mche huu.

Mringaringa na lusiola, miti ya kienyeji inayojulikana sana Bungoma, hustawi vyema katika mchanganyiko wenye samadi ya kutosha na husaidiwa na kuvu rafiki wanaoishi mizizini. Kuvu hao nao hupungua fosforasi inapozidi.

Majani husema

Kabla ya kuongeza chochote, mwenye kitalu hana budi kusoma majani. Majani ya chini yakigeuka manjano huku ya juu yakiwa kijani, naitrojeni imepungua. Rangi ya zambarau chini ya jani huashiria upungufu wa fosforasi, ingawa baridi ya Kitale pia yaweza kuileta. Kingo za majani makuukuu zikikauka kama zilizounguzwa, potashi ndiyo haba. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa yake kubaki kijani, mara nyingi maji yamezidi au udongo umepungukiwa na madini ya chuma. Ncha za majani yote zikiungua kwa pamoja, mbolea imezidi. Katika hali hiyo, miche hunyweshwa maji safi mengi ili chumvi ishuke na kutoka chini ya karatasi.

Miche michanga ikianguka ghafla ikiwa imeoza pale shina linapokutana na udongo, tatizo si njaa. Ni kuvu waharibifu, ambao hupenda maji mengi, msongamano, kivuli kizito na naitrojeni iliyozidi. Kuongeza mbolea hapo ni kumwagia moto mafuta.

Kuufunza mche maisha

Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, naitrojeni hukomeshwa. Kivuli cha kitalu huondolewa kidogo kidogo, maji hupunguzwa, na miche huinuliwa au mizizi iliyopenya chini ya karatasi hukatwa. Mche huacha kurefuka, shina hunenepa na majani huwa magumu. Sokoni hauvutii macho, ila shambani hudumu.

Kipo kipimo rahisi kwa mnunuzi. Urefu wa mche kwa sentimita hugawanywa kwa unene wa shina kwa milimita, unene ukipimwa karibu na udongo. Jibu likiwa chini ya sita, mche ni imara. Mche wa sentimita 30 wenye shina la milimita sita hutoa jibu la tano, nao wafaa. Wa sentimita 50 wenye shina la milimita tano hutoa kumi, na hata ukiwa mzuri kama ua la bustani, heri uachwe kwa mwenyewe. Vilevile, karatasi moja ichanwe na mizizi itazamwe: myeupe, mingi na iliyonyooka ni dalili njema, ilhali iliyojizungusha chini kama kamba itausumbua mti maisha yake yote.

Kuhesabu iliyopona

Suala hili linapita mpaka wa kitalu kimoja. Mwezi Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Mahitaji ya miche yamepanda, na pamoja nayo tamaa ya kuikuza haraka. Hata hivyo, takwimu zinazosomwa katika hafla ni za miche iliyopandwa, si iliyopona.

Marehemu Profesa Wangari Maathai aling'amua tofauti hiyo mapema. Vuguvugu la Green Belt aliloanzisha mwaka 1977 liliwapa wanawake wa vijijini malipo madogo kwa kila mche uliopona. Katika eneo hili, shirika la Vi Agroforestry, lililoanza kazi yake Pokot Magharibi mwaka 1983, limekuwa likiwahimiza wakulima kuchanganya miti na mazao kwa miongo minne. Mwaka 2014, mradi wake wa kaboni ya kilimo katika maeneo ya Kisumu na Bungoma, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, ulipata hati zake za kwanza za kaboni. Katika hesabu za namna hiyo, mti uliokufa hauna thamani yoyote.

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkulima wa Kimilili au Kiminini atakayesimama kando ya barabara masika yajayo angefanya vyema kuupita mche mrefu ulionawiri, akauulizia ule mfupi wenye shina nene ulio nyuma ya mingine, na kumuuliza muuzaji maswali mawili: ulipewa mbolea gani, na ulikoma kupewa lini? Muuzaji asiyeweza kuyajibu pengine hakuulea mche huo. Ameunenepesha tu kwa ajili ya soko.